"Cruelly": Ukatili wa Nani?

Maneno niliyoyasema Lubumbashi mbele ya wakalimani wanaoanza kazi na wanafunzi wa Kiingereza. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni.

Bapapa, bamama, na ninyi wadogo zangu mliosimama dirishani kwa kukosa viti, jambo yenu.

Nianze na kosa langu. Nilikuwa mgeni katika kazi hii, na kampuni moja yenye wakubwa wanaosema Kiingereza ikaniita nitafsiri barua. Mfanyakazi wao alikuwa amefariki nyumbani kwake, familia ikaandika kwa Kifaransa kuomba msaada wa matanga. Mstari wa kwanza ulisema baba yao "est décédé brutalement". Nikaandika "our father died brutally", nikagonga muhuri, nikaenda zangu kula bukari, ugali wetu wa huku.

Kesho yake asubuhi naitwa. Mkubwa wa ofisi amekaa na watu wawili wa ulinzi, barua iko mezani, na swali lake ni moja: nani alimuua? Mbona familia inaomba pesa ya jeneza tu na haimtaji mtu?

Mzee wa watu alikuwa ameanguka bafuni. Moyo ulisimama. Katika Kifaransa kile, "brutalement" ni ghafla, kama umeme unavyokatika ukiwa katikati ya kupiga pasi shati. Katika Kiingereza, mtu aliyekufa "brutally" ameuawa, tena ameuawa vibaya. Kwa neno moja nilikuwa nimemtengeneza muuaji ambaye hakuwepo. Msaada ulichelewa wiki nzima, na mjane akaitwa kuhojiwa. Mjane! Nilikwenda mtaani kwake, Katuba, kwa miguu kumwomba msamaha. Alinipa maji ya kunywa, hakusema kitu.

Tangu siku ile nina woga na vielezi vya ukatili. Kiingereza kinavyo vingi: "brutally", "mercilessly", "ruthlessly", "savagely". Leo nataka tumshike kaka yao mkubwa, "cruelly", tumpekue mifuko. Na msiniambie kwamba Kiingereza ni habari ya Ulaya. Hapa kwetu kinavuka mpaka wa Kasumbalesa kila siku ndani ya malori, na kesho mmoja wenu atakaa kati ya dereva wa Zambia na mama aliyegongewa mtoto.

Jambo la mwandiko tulimalize haraka. Herufi "l" ziko mbili, moja ya "cruel" na moja ya mkia "-ly". Nasahihisha karatasi zenu, nawajua.

Sasa asili. Waingereza walilipata neno hili kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Kilatini. Kilatini kilisema "crudelis", neno la ukoo mmoja na "crudus", yaani kibichi, na "cruor", damu inayomwagika. Kifaransa chenu cha sokoni kinalijua: nyama "crue" ni nyama mbichi. Kiingereza nacho kikasema "crude" kwa mafuta yaliyotoka ardhini kabla hayajasafishwa. Kwa hiyo mtu "cruel", tukimrudisha kwa mababu zake, ni mtu mbichi, ambaye moto haujampitia. Mbele yake unaona nyama tu na damu.

Na sisi wa Lubumbashi tuna bahati, kwa sababu ndugu yake tumekua naye. Nani hapa hajasikia "brut"? Madini "brut", yale ambayo tanuri bado haijayagusa. Mnaona bomba refu la moshi na mlima ule mweusi wa mabaki ya tanuri? Mji wetu umejengwa juu ya kazi ya kutoa kitu katika hali ya "brut". Neno lenyewe kwa Kilatini lilikuwa "brutus": kizito, kigumu, kisichofikiri, kama mnyama wa mizigo. Kutoka hapo likazaliwa "brutal". Sisi nasi tunasema kinyama. Njia ni ileile, ingawa mimi sijawahi kumwona mbuzi akimtesa mbuzi mwenzake mbele ya watoto wake kwa ajili ya deni. Wanyama tunawasingizia.

Na tukiwa hapo kwenye kusingizia: "savagely" limetoka katika neno la Kilatini la msitu, "silva". Mtu wa msituni ndiye mkali, mtu wa mjini ndiye mstaarabu. Msicheke haraka. Kiswahili tunachokipenda kina "kishenzi", na "washenzi" katika vinywa vya watu wa pwani ya zamani walikuwa watu wa bara. Yaani mimi, na wewe, na babu yako. Nasikia vijana wanatupiana neno hilo uwanjani bila kujua kwamba lilitengenezwa kwa ajili yao wote wawili.

Turudi kwa mkia, maana siri kubwa imelala mkiani. Kiingereza kinatengeneza kielezi kwa "-ly", ambayo zamani ilikuwa neno la mwili, la umbo. Kifaransa kinatumia "-ment", na hiyo imetoka katika "mente" ya Kilatini, yaani kwa akili, kwa nia. Tazameni tofauti. "Cruelly" ni jambo lenye umbo la ukatili. "Cruellement", kwa asili yake, ni jambo lililofanywa kwa nia ya ukatili. Msemaji wa leo hafikirii hayo, wala simdai ayafikirie. Lakini wewe mkalimani unayesimama mahakamani, ambako watu wanafungwa kwa sababu ya nia, nataka uwaze kidogo kabla ya kufungua mdomo.

Kiswahili kinafanyaje? Tuna "ki-": kikatili, kinyama. Tuna "kwa": kwa ukatili, kwa ukali. Tuna "bila": bila huruma. Na huku kwetu tunaacha vyote hivyo, tunasema "hana na huruma", tukaishia hapo. Sasa chukueni "katili". Neno limetoka Kiarabu, na asili yake ni muuaji, mtu anayeua. Kwa hiyo ukisema "kikatili", hata kama hujui Kiarabu, umemwita mtu aje asimame mbele ya baraza. Lazima awepo katili. Na hapa ndipo "cruelly" anapotutoroka, kwa sababu yeye ana kazi mbili.

Kazi ya kwanza ni ile mnayoijua. "They treated the prisoner cruelly." Walimtendea mfungwa kikatili. Mtendaji yupo, roho yake mbaya ipo, hakuna taabu.

Kazi ya pili haina mtendaji. "Her life was cut cruelly short." Msichana amekufa kwa malaria akiwa na miaka kumi na tisa. Nani katili? Mbu? Kiingereza hakiulizi. Kinachosemwa pale ni uchungu wetu tuliobaki. Sasa mwanafunzi wangu mmoja, kijana mzuri sana, akatafsiri: "Maisha yake yalikatizwa kikatili." Nikamwuliza: wamemkamata? Akanitazama. Nikamwambia, umeandika habari ya mauaji. Sema "kifo kimemwahi", sema "amekufa angali mbichi". Msiba wa namna hiyo Kiswahili kina maneno yake tangu zamani, na hakuna hata moja linalomtafuta mtuhumiwa.

Twende kwenye mpira, maana naona wengine wanasinzia. Mwaka 2010 Mazembe yetu ilifika fainali ya dunia ya vilabu, ikafungwa na Inter tatu kwa bila. Naam, gunieni, mnayo haki. Mwandishi wa Kiingereza angeweza kuandika kwamba Inter waliyaadhibu makosa yetu "ruthlessly". Hapo mtendaji yupo, ni washambuliaji wao, na neno ni sifa kwao. Lakini chukueni mechi nyingine yoyote, dakika ya mwisho, mpira unagonga mlingoti unarudi. Mwandishi huyohuyo ataandika kwamba tulikuwa "cruelly denied". Nani alitunyima? Mlingoti. Mlingoti wa goli hauna roho mbaya wala nzuri, ni chuma. Ukatili wote uko vifuani mwetu sisi tuliokuwa jukwaani.

Kwa hiyo swali langu la kazi, na nawaomba mliandike hata kwenye kiganja cha mkono, ni hili: "cruelly" hii inazungumza juu ya roho ya aliyetenda, au juu ya maumivu ya aliyepatwa? Kiingereza kinaweka vyote viwili katika gunia moja. Kiswahili kinatenga. Kwa aliyetenda tuna kikatili. Kwa aliyepatwa tuna vibaya, na huku Lubumbashi, mubaya. "Balimupika mubaya", yaani walimpiga vibaya: hapo sijasema lolote juu ya mioyo ya waliompiga, nimesema hali aliyobaki nayo. Na vibaya yetu inakwenda mbali zaidi. Mtu amechoka vibaya. Mtu anampenda msichana vibaya. Njaa inaniuma vibaya. Neno la ubaya limegeuka kuwa kipimo cha wingi, sawasawa na "cruelly" ilivyogeuka katika "cruelly disappointed", kuvunjika moyo kiasi cha kuumia. Lugha hizi hazikuambiana, ila zote mbili zimeona kwamba kitu kikizidi kinauma.

Hapa Wakongomani tuna mtego wetu wa pekee, na mtego huo unaitwa Kifaransa. Kwa Kifaransa tunasema mtaa "manque cruellement d'eau", yaani unakosa maji vibaya sana. Ni Kifaransa safi. Tunaingia katika Kiingereza tukiwa tumebeba mzigo uleule: "our area cruelly lacks water". Mwingereza ataelewa, lakini atainua nyusi, kwa maana yeye pale angesema "badly" au "sorely": "we badly need water". Nimesoma maombi ya msaada, ukurasa mzima, kila kitu kinakosekana "cruelly": madawati "cruelly", dawa "cruelly", hata mashine ya fotokopi "cruelly". Msomaji akifika chini anadhani kuna mtu anawaficha mashine kwa makusudi. Ingawa, tukisema ukweli, wakati mwingine yupo.

Ndugu wengine wa neno hili nitawapitia kwa kasi. "Mercilessly" ni wa kupendeza, kwa sababu ndani yake kuna "merci" mnayoitamka mara hamsini kwa siku. Kilatini "merces" ilikuwa ujira, malipo. Ikaingia kanisani ikawa neema na rehema. Kwa Wafaransa ikafika mpaka kuwa shukrani, kwa Waingereza ikabaki rehema, "mercy". Kwa hiyo jua linalopiga "mercilessly" mwezi wa Oktoba kabla ya mvua ya kwanza ni jua lisilo na "merci". Hilo mtu wa Lubumbashi halihitaji kamusi.

"Ruthlessly" ina kifo ndani yake. Zamani Kiingereza kilikuwa na nomino "ruth", maana yake huruma, kutoka kitenzi "rue", kujuta. Huruma ikafa, ikabaki kukosa huruma. Leo mtu anaweza kuwa "ruthless", lakini hakuna anayesema fulani ana "ruth" nyingi. Mama Ruth uliyekaa pale mbele usihuzunike, jina lako ni la Kiebrania, halina undugu na habari hii. Na angalieni: "ruthlessly" mara nyingi husifiwa. Mhariri anakata maneno "ruthlessly", meneja anapunguza gharama "ruthlessly". Ukiweka "kikatili" hapo umemharibia mtu jina. Sema amekata bila kupepesa macho. Vivyo hivyo "brutally honest": huyo amekupasulia ukweli bila kuupaka mafuta, hajakupiga.

Mfano mmoja wa kanisani, kisha niingie mahakamani. Mnakumbuka Wamisri na wana wa Israeli, Kutoka sura ya kwanza. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema waliwatumikisha "with rigour", kwa ukali. Tafsiri ya Kiingereza ya karne ya ishirini inasema "ruthlessly". Farao ni yuleyule, matofali ni yaleyale. Yule wa 1611 alipima uzito wa kazi, huyu wa karibuni akapima roho ya msimamizi. Mimi simhukumu yeyote kati yao. Nawaonyesha tu kwamba uamuzi ulifanywa, na aliyeufanya ni mtafsiri, mtu kama wewe, na kalamu yake.

Mahakamani, sasa. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 16, inakataza mtu kutendewa jambo la "cruel, inhumain ou dégradant", yaani la kikatili, lisilo la kibinadamu au la kudhalilisha. Wanasheria wanayapenda maneno hayo matatu, wanayatafuta kila mahali. Anakuja shahidi, mama wa Kampemba, anasema kwa Kiswahili: "Balinifunga, balinipika, balininyima maji siku mbili." Hakuweka kielezi. Na kijana mkalimani, kwa moyo mzuri kabisa, anataka kumsaidia mama, anasema kwa Kiingereza mbele ya wageni wa haki za binadamu: "They cruelly beat me." Wakili wa upande wa pili anangoja hapohapo. Anamwuliza mama: wewe ulijuaje walikuwa wakatili, labda walikuwa wanakuzuia usikimbie? Mama anachanganyikiwa, maana hakusema hivyo. Kijana amemletea vita isiyo yake. Siku mbili bila maji zilikuwa zinatosha, zilikuwa zinazungumza zenyewe, akazifunika kwa kanga.

Kuna upande wa pili pia. Shahidi akisema mwenyewe "kinyama", usimpunguzie eti kwa sababu Kiingereza chako kinaona haya. Mpe "brutally" yake. Hapo ni mahali pake, tofauti na barua yangu ya matanga.

Nataka kukaa kidogo na Kiingereza kilichoandikwa juu yetu, kwa sababu ukatili wa nchi hii uliwahi kusomwa London kabla ya kusomwa popote hapa. Mwaka 1903, konsuli wa Uingereza aliyekaa Boma, Roger Casement, alipanda mto kwenda kuona mambo ya mpira, ule wa utomvu wa miti, si wa kuchezea, katika nchi hii ilipokuwa dola ya mfalme Leopold wa Ubelgiji. Ripoti yake ilichapishwa mwaka 1904. Nguvu yake haiko katika vielezi, iko katika watu wanaoeleza kilichowapata: kijiji, askari, kikapu cha mpira, mkono uliokatwa. Lakini wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, kabla ya kuichapisha, iliyaondoa majina ya watu na ya mahali ikaweka herufi tu. Casement alikasirika, na mimi namwelewa. Msomaji aliona ukatili, akauliza nani, akajibiwa kwa herufi. Ukatili ule wa kazi ya kwanza, wenye mtendaji, ukasogezwa kuelekea ule wa mlingoti wa goli.

Sasa wazee humu ndani wanazikumbuka picha za kuchorwa za "Colonie belge", yaani koloni la Ubelgiji, zilizotundikwa sebuleni miaka ya 1970, hapahapa mjini. Mwanamume amelazwa kifudifudi, askari mweusi ameinua fimbo, mzungu amesimama anatazama, wafungwa wamevaa mistari, wanawake wanalia, bendera juu. Fimbo yenyewe mnaijua, ile ya ngozi ya kiboko. Mchoraji hakuwa na kielezi. Ana rangi, na kila mtu ana mahali pake: aliyeinua, aliyeamuru, aliyelala, waliotazama. Babu yangu naye akisimulia hakuwahi kusema kikatili. Alisema "balimupika fimbo", akataja idadi, kisha akataja jina la aliyehesabu kwa sauti. Jina hilo nimelisikia mara nyingi kuliko jina la babu wa babu yangu.

Zoezi ni hili, karatasi zinapita kutoka nyuma. Eleza picha hiyo kwa Kiingereza, sentensi nane, bila kielezi hata kimoja cha ukatili. Kisha andika tena ukiweka "cruelly" mara moja tu, mahali unapopachagua wewe. Tutakaa tuzisome, na kila mtu atatuambia kwa nini ameiweka pale: kwa aliyeinua mkono, au kwa anayetazama.

Wakati mnaandika, niwamalizie habari ya yule mjane wa Katuba. Amefariki mwaka jana, mzee sana. Mtoto wake wa mwisho alinijia na tangazo la msiba, alitaka Kiingereza kwa ajili ya ndugu zao wa Ndola. Alikuwa ameandika kwamba mama "a été brutalement arrachée à notre affection", yaani amenyakuliwa ghafla kutoka katika upendo wetu. Nikaweka kalamu chini, nikamwuliza kwanza mama alikufaje. Usingizini, akasema, jioni alikuwa anacheka. Nikaandika "suddenly, in her sleep". Akasoma mara mbili, akaniuliza neno lake "brutalement" limekwenda wapi. Nikamsogezea kiti. Nikamwambia kaa, mtoto wangu, nikueleze habari ya barua ya baba yako.